Uzi wa Kijani kwenye Kola

Walimwita Bi Pasi, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na baba yake. Pasi yenyewe ilikuwa ya mkaa, nzito kama mtoto wa mwaka mmoja, na kishikio chake cha mti kilikuwa kimelika penye vidole mpaka kikachukua umbo la kiganja chake. Binti yake alimnunulia ya umeme. Ilikaa ndani ya boksi juu ya kabati miaka sita, na kila alipoulizwa alisema anaiacha izoee nyumba kwanza.

Ndivyo alivyokuwa. Ukimwambia pita huku, atapita kule, hata kama kule kuna tope. Majirani walisema kichwa chake kimetiwa wanga. Yeye alisema bora wanga kuliko vichwa vyao vilivyolegea kama soksi kuukuu.

Kusoma hakusoma sana. Jina lake aliliandika kama hakuna anayemharakisha, na karatasi ya sabuni aliisoma vizuri kwa kuwa maneno yake hayajabadilika tangu alipokuwa msichana. Lakini kola alizisoma. Umpe shati lililoviringishwa, afumbe macho, apitishe kidole gumba ndani ya shingo, atakwambia ni la nani, anakaa chumba kipi, na kama juzi amegombana na mkewe. Hilo la mwisho alikuwa anabahatisha, ila mara nyingi alipatia.

Siri yake ilikuwa uzi. Kila nguo iliyoingia uwanja wa kufulia ilitiwa alama ndani ya kola, au ndani ya kiuno kama ni suruali: mishono michache, isiyozidi ukucha. Mishono mitatu iliyolala, fundi bomba. Miwili iliyopishana, muuguzi. Mraba mdogo, mtu mwingine. Na uzi ulikuwa wa rangi mbili. Mwekundu ulikuwa wa wateja wa Bi Pasi. Wa kijani ulikuwa wa wateja wa Mama Pacha.

Mama Pacha alikuwa mwenzake. Aliletwa mgongoni mwa mama yake, mwaka ule ng'ambo ya mto ilipoungua na watu wakavuka na kilichowezekana kubebwa. Wakaitwa Waliovuka, na jina likawaganda mpaka watoto na wajukuu ambao huo mto hawajauona hata kwenye picha. Walisema kama wengine, walivaa kama wengine, walipanga vyumba vilevile vya mlango mmoja na dirisha moja. Ukisimama nao kwenye foleni huwezi kujua nani ni nani.

Wanawake hawa wawili walikutana kwenye masinki ya saruji ya uwanja ule wakiwa vijana, kila mmoja dobi kivyake, kila mmoja akimwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni. Kisha Bi Pasi akajifungua binti yake na mgongo ukamkatalia. Wiki tisa hakuweza kuinama. Wiki ya pili alijikongoja kuja kuwaomba wateja radhi, akakuta nguo zao zote zimeanikwa. Mama Pacha alikuwa amezifua pamoja na zake. Alipoulizwa kwa nini, alisema sinki lilikuwa na nafasi. Basi. Hakuna aliyemkumbatia mwenzake wala kutoa chozi. Tangu siku hiyo mmoja akafua na mwingine akapiga pasi, na miaka thelathini na minne ikapita hivyo, huyu majini, yule motoni.

Rangi mbili zilikuwa wazo la Bi Pasi, na alijisifia kwalo miaka yote. Suruali ya mtu ilipotea, kila mmoja akasema mwenye suruali ni mteja wa mwenzake, wakanuniana siku nzima. Akasema tutie rangi mbili, kila mmoja ajibu kwa watu wake. Watu wa Mama Pacha wengi walikuwa Waliovuka, maana mtu akiwa mgeni nguo zake za ndani humpelekea dobi anayemjua mama yake. Hakuna aliyewaza zaidi ya hapo.

Kwenye kona ya mtaa palikuwa na duka la mbao, na mwenyewe aliitwa Mwenye Mbao. Mtu mnene, mwenye salamu nzuri, aliyevaa mashati meupe siku zote kana kwamba mbao hazina vumbi. Mashati yale Bi Pasi ndiye aliyeyanyoosha, alama yake mraba mwekundu. Alipotoa mbao za benchi la zahanati, watu wakamchagua mwenyekiti wa kamati ya mtaa, wakampa na ufunguo wa bomba.

Maji yakaanza kusumbua. Mwenye Mbao akasema, kwa utani kwanza, kwamba maji hayajapungua, midomo ndiyo imezidi. Watu wakacheka. Bi Pasi naye alicheka, siku moja, akiwa na nguo mkononi, na kicheko hicho baadaye kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Utani ukarudiwa mpaka ukaacha kuwa utani. Vyumba vimepanda bei, ni Waliovuka. Kazi hakuna, ni Waliovuka. Mwizi wa kuku, nani mwingine? Ukutani kukaandikwa RUDINI MLIKOTOKA, na vijana wanaobeba mbao dukani kwake wakaanza kutembea wanne wanne, wakimwuliza mtu kwao ni wapi.

Shida yao ilikuwa ile ile: hawakuweza kumjua mtu kwa kumtazama. Aliyewafungulia mlango huo ni kinyozi.

Kinyozi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na mtu wa maneno mengi akikosa la kusema husema analolijua. Kinyozi kabla ya kumfunga mteja kitambaa huikunja kola ndani. Amekunja kola za mtaa mzima miaka na miaka. Siku moja duka limejaa, akajigamba: mimi mtu simuulizi alikotoka, nakunja kola tu. Wakamwuliza vipi. Akasema uzi wa kijani, hao ni wale. Watu wakastaajabia jicho lake, akafurahi. Vijana wanne wa mbao walikuwa kwenye benchi, wanangoja zamu.

Haikupita wiki, kola za watu zikaanza kugeuzwa njiani.

Jumatano asubuhi, Mwalimu wa hesabu, mteja wa Mama Pacha, mtu mwembamba kama chaki yake, alikuja uwanjani na shati ndani ya gazeti. Akauliza kama linaweza kutiwa kola nyingine. Bi Pasi alilifungua juu ya meza yake. Kola haikuwepo. Ilikuwa imenyofolewa yote, na kitambaa cha mgongoni kimechanika mpaka katikati.

"Nilianguka," Mwalimu alisema.

"Uliangukia nini, mwanangu?"

Mwalimu alitazama mkaa. "Niliangukia watu."

Wakamtoa maneno kidogo kidogo. Alikuwa kwenye foleni ya mafuta ya taa. Kijana mmoja aliyeitwa Pengo, kwa sababu ya jino lililokosekana mbele, alimgeuza kola kwa nyuma, akaona kijani, akawaita wenzake. Watu wa foleni waliangalia viatu vyao. Kola aliichukua Pengo, akaifunga kwenye usukani wa baiskeli yake, mpaka sasa anazunguka nayo.

Bi Pasi alikaa chini. Watu waliomjua hawajawahi kumwona akikaa chini wakati pasi ina moto. Alikuwa ameelewa kitu ambacho hakikuhitaji kusomewa: alama iliyompiga Mwalimu ameishona yeye. Wazo lilikuwa lake.

Mama Pacha aliacha sinki lake. Alimwonyesha Mwalimu bomba, ambako asubuhi ile kulikuwa kumebandikwa karatasi, akamwomba awasomee. Ilisema kwamba kuanzia Jumamosi, kwa amri ya kamati, Waliovuka hawatachota maji pale, na dobi wa Waliovuka ataondoa mabeseni yake uwanjani. Bomba litatiwa kufuli. Bi Pasi alitaka isomwe mara mbili. Alisikia mara ya kwanza, ila alitaka kuhakikisha hakuna mahali maneno yale yameona haya.

Mwalimu alipoondoka, Mama Pacha akaanza kukusanya mabeseni yake, moja ndani ya jingine. Alisema wanawe pacha wana chumba mji wa pili, wamemwita mara nyingi, pengine ndiyo saa yenyewe. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayesema sabuni imekwisha. Lakini mabeseni yalikuwa yanagongana, na mikono ile haikuwahi kugonganisha kitu.

"Weka chini," Bi Pasi alisema.

"Dada, nina miaka sitini na mbili. Sitaki kutolewa mbele za watu."

"Ukitaka kwenda kwa wanao, nenda mwezi ujao na zawadi. Jumamosi huendi popote. Nibaki na nani mimi hapa? Na hilo bomba?"

Mama Pacha alicheka bila kutaka. Kisha akasema basi angalau wafumue uzi wote wa kijani, leo na kesho, nguo zote zilizopo, ili wale vijana wasiwe na cha kuona. Bi Pasi alichukua shati moja kwenye rundo, akafumua alama kwa sindano, akaligeuza kwenye jua. Pale penye uzi palibaki vitundu, na kitambaa kilikuwa cheupe zaidi, kwa kuwa jasho lilikuwa halijakifikia. Ungeweza kuisoma alama ile kutoka mlangoni.

"Wiki moja tu watajua kutafuta vitundu," alisema. "Halafu mimi nifumue nini? Nimeshona kosa? Kosa ni lao."

Akamaliza mkaa wake, akavaa viatu, akaenda kwa fundi cherehani.

Fundi cherehani alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, na uzi wote wa mtaa ulitoka kwake. Bi Pasi alitaka wa kijani. Akampa kibonge kimoja. Akataka vyote. Mzee alivihesabu kwa macho, vilikuwa kumi na saba, akauliza anashona hema au nini. Bi Pasi akamwambia. Hakunong'ona, na mlango ulikuwa wazi. Alisema kila nguo itakayopita kwenye pasi yake tangu leo itatoka na kijani, iwe ya nani isiwe ya nani, na asiyetaka akachukue nguo zake asubuhi zikiwa mbichi.

Mzee alikuwa wa kuzaliwa pale, yeye na babu yake. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akavua koti lake alilokuwa amevaa, akaliweka juu ya cherehani.

"Anza na hili," alisema. "Lakini mshono wako ni mbaya. Nitashona mwenyewe."

Habari zikasambaa zenyewe, kwa kuwa Bi Pasi alimweleza kila mteja usoni. Wapo waliozipokonya nguo zao. Mke wa mwenye duka la vyombo alizibeba zikiwa bado zinatiririka maji, akaacha mchirizi mpaka kwake, na mtaa mzima ukamfuata kwa macho kwa ule mchirizi. Wapo waliosema mama, sisi hatupendi mambo makubwa. Bi Pasi aliwaambia hili si kubwa, ni la mishono mitatu. Lakini ikafika Alhamisi adhuhuri, akaja muuguzi na sare zake, akasema hataki kusubiri zifuliwe, atiwe kijani sasa hivi akiwa amezivaa. Akainama, akatiwa. Nyuma yake akaja fundi bomba. Nyuma ya fundi bomba, wanawake watatu wa nyumba moja na nguo za watu kumi na wanne. Fundi cherehani alileta kiti chake akakaa kando ya Mama Pacha, wakashona pamoja, wakibishana kuhusu fundo.

Kinyozi alikuja wa mwisho siku ile. Alisimama langoni muda mrefu kwa mtu asiyeweza kunyamaza.

"Bi Pasi, mimi nilikuwa naongea tu."

"Najua. Hiyo ndiyo kazi yako ya pili." Akamwonyesha kiti. "Kaa, kunja kola. Unajua zaidi yetu."

Kinyozi alikaa. Alikunja kola za watu mpaka jioni, na mke wake anaapa kwamba hakufungua kinywa.

Sasa ikaja shida ambayo hakuna aliyeiona. Alama zilikuwa mara mbili. Mishono mitatu myekundu ilikuwa fundi bomba, lakini mitatu ya kijani ilikuwa dereva wa taksi, mmoja wa Waliovuka. Uzi mwekundu ulipofumuliwa na wa kijani kupitishwa kwenye vitundu vile vile, kila alama ikawa na wenyewe wawili, mmoja wa huku na mmoja wa kule. Ijumaa watu walipokuja kuchukua nguo, ikawa vurugu. Muuguzi alikuta sare yake ina kaptura ya mtu. Fundi bomba alikwenda kazini na suruali ya dereva, fupi mpaka katikati ya muundi, akarudi nayo uwanjani kulalamika, na dereva naye akaja ameshikilia ya fundi bomba kiunoni kwa mikono miwili. Wakatazamana. Wamekaa milango minne mmoja kutoka kwa mwenzake miaka minane, hawajawahi kusalimiana. Dereva akasema ndugu yangu, unakula nini. Watu walicheka mpaka fundi cherehani akajidunga kidole. Bi Pasi alikasirika kweli, kwa sababu hajawahi kukosea nguo maishani mwake, akatamka kwamba atakayechekacheka atapigwa pasi na yeye. Kisha akaanza kugawa kwa kushika tu: hii ina kiraka cha gotini, hii inanuka tumbaku, hii ni ya mtu anayetembea upande. Wenye alama moja wakaanza kuitana somo.

Binti yake alikuja alasiri ile ile, na yeye hakucheka. Mumewe alikuwa dereva wa lori la Mwenye Mbao. Alikuwa ameambiwa amwambie mkwewe aache upuuzi, la sivyo Jumatatu asije kazini. Binti alimsihi mama yake. Alisema wana watoto wawili na wa tatu yuko njiani, na kiburi hakipikwi.

Hilo lilimwingia Bi Pasi kuliko yote. Aliiweka pasi kwenye kiti chake cha chuma. Kisha akamwambia binti yake jambo ambalo hakuwahi kumwambia, lile la wiki tisa, na nani aliyefua nepi zake mwenyewe, binti, katika wiki hizo tisa. Hakusema afanye nini. Binti alimtazama Mama Pacha, aliyekuwa ameinama kwenye sinki, na mikono yake ilikuwa imekunjamana kwa maji kama ya mtu wa miaka mia. Akaondoka bila kuaga.

Yalibaki mashati ya Mwenye Mbao, sita, meupe pee. Yaliletwa Jumatatu kama kawaida, kabla ya karatasi, na Ijumaa jioni mkewe akaja kuyachukua. Mwanamke mpole, mdogo wa umbo, ambaye mtaani walimjua kwa khanga yake na si kwa sauti yake. Bi Pasi hakutaka kumfanyia mtu kwa siri. Alimweleza kama alivyowaeleza wote, na kwamba ya mumewe hajayagusa, anamngoja yeye aseme.

Mwanamke alipapasa shati la juu. Akauliza ni kweli mtoto wa Mwalimu amelala na homa tangu baba yake arudi vile. Akaambiwa ni kweli.

"Yatie," alisema. "Kama ulivyowatia wengine. Nitakaa hapa nione."

Akakaa akaona yote sita.

Jumamosi asubuhi na mapema uwanja ulikuwa na watu kuliko nguo. Wengine walikaa kwenye kingo za masinki, wengine walisimama chini ya nyaya na mashuka yakiwapiga usoni. Bi Pasi alikuwa kwenye kibanda chake kando ya uwanja, anapiga pasi kana kwamba ni siku kama nyingine, ingawa alikuwa amelinyoosha taulo moja mara nne. Mama Pacha alikuwa sinki lake la siku zote, la pili kutoka bomba. Alikuwa amevaa nguo yake nzuri. Ikiwa nitatolewa, alimwambia mwenzake, nitatolewa nimependeza.

Mwenye Mbao alifika na vijana wanane na kufuli jipya, bado lina mafuta. Shati lake lilikuwa jeupe, limenyooka kama karatasi. Pengo alikuwa na baiskeli, na kola ya Mwalimu ikining'inia usukanini.

Alisalimia vizuri, kama kawaida yake. Akasema hataki ugomvi, kamati imeamua, wenyeji wakae kulia, Waliovuka watoke, na asiyejua ni yupi vijana watamsaidia. Akaashiria kwa kidevu.

Kijana wa kwanza akamshika fundi cherehani, akageuza kola. Kijani. Akamsukuma kando, akamgeuza muuguzi. Kijani. Akamgeuza kinyozi. Kijana alisita, kwa kuwa kinyozi ni mjomba wake.

"Geuza vizuri, mjomba," kinyozi alisema, "upande wa kulia kuna mwanga."

Halafu watu wakaanza kujigeuza wenyewe. Hakuna aliyewaamuru. Kola moja, mbili, kumi, wakageuka migongo kuwaelekea wale vijana, shingo tupu, uzi wa kijani juani, na kila mmoja alijua kwamba akiwa hivyo hamwoni anayekuja kumpiga. Walisimama hivyo hivyo. Vijana walitazamana. Huwezi kutoa watu wote, utabaki na sinki. Langoni aliingia binti wa Bi Pasi na tumbo lake mbele, na nyuma yake mumewe, dereva wa lori, amevaa ovaroli la kazi la duka la mbao. Alimpa tajiri wake mgongo. Kijani.

Mwenye Mbao akasema huu ni mchezo wa kizee kimoja kisichojua kusoma.

Bi Pasi alitoka kibandani na pasi mkononi, inafuka. Watu wakampisha, maana pasi ile ilipishwa siku zote. Alisimama mbele yake, mfupi, kichwa kikifika kwenye kifungo cha pili cha lile shati alilolinyoosha yeye.

"Kola yako imekunjika nyuma," alimwambia. "Kazi yangu haitoki hivyo. Nigeuzie nione."

Mwenye Mbao akapeleka mkono shingoni bila kufikiri, kama afanyavyo mtu yeyote akiambiwa ana uchafu. Vidole vikagusa mishono. Vikasimama pale. Pengo, aliyekuwa nyuma yake, aliona kabla hajashusha mkono. Mraba mdogo wa kijani. Akatazama kola iliyofungwa kwenye usukani wake, siku zote hizi anaitazama kila akipanda baiskeli. Mraba ule ule.

"Ni ya mwalimu," Pengo alisema, kwa sauti ya mtoto aliyepotea. "Mwenyekiti, una ya mwalimu."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomwumiza. Angechekwa, angejua la kufanya. Alisema kwa meno yaliyobana afumuliwe, sasa hivi.

"Nilikutia mimi," alisema Bi Pasi, "na mkeo alikaa akaona. Sifumui. Siku utakayoirudisha kola ya Mwalimu mahali ilipokuwa, na maneno yako ya miaka miwili umeyameza mbele ya hawa, siku hiyo tutazungumza. Lakini bado sitafumua. Na huyu," akamwonyesha Mama Pacha kwa ncha ya pasi, "nguo zako ndiye aliyezifua miaka yote. Jasho lako analijua kuliko mama yako. Ukimtoa yeye, nitoe na mimi, na mkaa wangu."

Mama Pacha hakungoja jibu. Alikwenda mpaka kwenye bomba, mbele ya kijana mwenye kufuli, akamwambia samahani baba, nipishe kidogo. Kijana akampisha. Hakukusudia, lakini mtu aliyelelewa vizuri akiambiwa hivyo na mama mtu mzima miguu husogea yenyewe. Akatega ndoo, akafungua. Maji yakagonga chini ya ndoo, yakaendelea kugonga, na katika uwanja wote hakukuwa na sauti nyingine.

Mwenye Mbao aliondoka akitembea vizuri, shati limenyooka. Vijana wakamfuata, wachache kuliko waliokuja. Pengo alifungua kola usukanini, akaiacha juu ya meza ya pasi, hakumtazama mtu.

Si kwamba dunia ilitengenea. Mkwe alifukuzwa kazi siku ile ile, na sasa anasambaza nguo kwa mkokoteni, analalamika magurudumu, analalamika jua, analalamika mkwewe. Ukutani maandishi yalipakwa chokaa na yakaandikwa tena na yakapakwa tena. Mke wa mwenye duka la vyombo hajarudi. Mwenye Mbao bado ana duka, na mashati yake anayapeleka mjini, yanarudi na madoa ya majivu; Bi Pasi akimwona anapita hugeuza uso, kwa uchungu wa kitambaa. Mwalimu alishonewa kola yake ile ile. Alisema hataki mpya.

Kufuli lilisahauliwa juu ya sinki. Mama Pacha analitumia kugandamiza vitambaa vya kuloweka visielee.

Ukifika uwanjani utawakuta, mmoja majini na mmoja motoni, wananuniana kuhusu bluu ya nguo nyeupe iliyozidi. Nguo yako itapokewa. Utaulizwa jina, na hutaulizwa kwenu ni wapi. Halafu utaambiwa ugeuke, uinamishe shingo, na utasikia sindano inapita. Kama hutaki kijani, lango ni lile uliloingilia, na nguo zako utazibeba mbichi.